Mzee Olimpasi na Picha za Ida

Ndugu waombolezaji, Bwana asifiwe, familia inawaomba mtulie kidogo ili tuwasimulie safari ya mpendwa wetu Cleopa Damiano, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Olimpasi.

Marehemu alizaliwa Mamboya tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Damiano na Bibi Hildegarda, akasoma shule ya misheni hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1967, kisha akashuka Kilosa na kuajiriwa karani katika shamba la mkonge, hadi alipopunguzwa kazini mwaka 1987.

Enzi hizo biashara ilikuwa imefunguliwa na vitu vya nje vimeanza kuonekana madukani, naye akanunua kamera ya Olympus, akawa anapiga picha za harusi na kipaimara hapa Magomeni ya Kilosa, na kule Mikumi akiwapiga picha madereva wa malori wakiwa wameegemea magari yao, na ukikaa naye ilikuwa lazima akueleze kwamba kampuni hiyo ya Japani ilianza na hadubini kabla ya kugusa kamera, uwe umeuliza au hukuuliza.

Tarehe 18 Septemba 1976 alikuwa amefunga ndoa na Ida, wakajaliwa mtoto mmoja, Monica, ila picha yao ya ndoa ilikwenda na maji Mto Mkondoa ulipofurika, na Ida hakupigwa nyingine, kwa kuwa marehemu alikuwa bahili wa filamu, na kila alipoomba alijibiwa kuwa filamu ni ya wateja.

Mwaka 2003 akanunua kamera ya dijitali ya kampuni ileile, isiyokula filamu, na hapo ubahili ukamwisha, akampiga picha Ida akipeta mchele, akisuka ukili, akicheka hadi mwanya ukaonekana, majirani wakawatania kwamba wamerudi kwenye uchumba. Tarehe 22 Februari 2005 Ida alifariki kwa shinikizo la damu.

Baada ya kuanua matanga marehemu alikwenda studio moja mjini Morogoro, akamkabidhi dada wa pale kadi ya kamera na kumwomba amsafishie picha zote, na kwa mpiga picha wa filamu kusafisha ni kuitoa picha hadi uishike mkononi, lakini yule dada alikuwa mtu wa kompyuta, akafuta kila kitu na kumrudishia kadi tupu. Hakumfokea, alipanda basi akarudi, na kila tulipomuuliza picha za mama alisema bado hazijasafishwa, akaishi hivyo, kamera ukutani, akila peke yake, nasi tukimwona mvivu.

Tarehe 3 Mei mwaka huu wa 2007 alilazwa Hospitali ya Wilaya kwa maradhi ya figo, na huko ndiko alikomweleza Monica ukweli, kwamba picha zilifutwa zote na sura ya Ida inamtoka akilini, akamwomba acheke kidogo kwa kuwa kicheko chake ni cha mama yake, Monica akajitahidi, kilio kikamshinda, marehemu akamwambia basi mwanangu, tutajaribu kesho. Alifariki alfajiri ya tarehe 11 Mei.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Magomeni, na wapiga picha wenzake wa Mikumi waliofunga kazi kuja kumzika.

Pumzika kwa amani, Mzee Olimpasi, na ukimkuta Ida, mtazame hadi ushibe.