Lameck Werema, Mpima Pamba Aliyeitwa Mapema

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Enoka, mdogo wake marehemu. Wasifu niliouandika kwanza ulisema "aliugua kwa muda mfupi." Shemeji yangu Tabitha, mjane, aliurudisha juzi. "Shemeji, ukisoma hivyo mbele ya watu nitasimama nikukatize." Kwa hiyo nasoma huu.

Lameck Werema alizaliwa Butiama tarehe 11 Mei 1962, mtoto wa kwanza wa Mzee Werema Nyamburi na Mama Gati. Alisoma hapohapo Butiama, akamaliza darasa la saba mwaka 1977, kisha akabaki nyumbani kuchunga. Sigara yake ya kwanza aliivutia machungani, akiwa na miaka kumi na mitano. Ya pili alinipa mimi.

Mwaka 1981 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bunda, akawa mpima hadi alipostaafu mwaka 2015. Nami nilimfuata huko. Wakulima walimwogopa, maana alikuwaga anazamisha mkono kwenye gunia mpaka kwapani, akajua kama pamba imemwagiwa maji ili iongeze uzito. Hakumfokea mtu. Aliuliza tu, "Mama, hii pamba imeoga?" Mwaka 1985 binti mmoja wa Kibara alimjibu, "Imeoga ndiyo, ilijua inakuja kwako." Lameck akamrudisha akaianike, ila akamgawia ugali wake wa mchana. Binti huyo ndiye Tabitha. Walifunga ndoa Musoma tarehe 20 Desemba 1986, wakajenga hapa Nyasura.

Sasa ugonjwa. Nivumilieni.

Machi 2024 walikuja watafiti wakitafuta wavutaji wa miaka hamsini na kuendelea. Waliwatoa damu wakapime alama fulani, protini ambazo huenda zikaonyesha saratani ya mapafu kabla mtu hajakohoa hata mara moja. Walisema wazi kwamba damu peke yake haitoshi: ukiitwa, unakwenda Mwanza kupigwa picha ya CT. Tarehe 6 Mei nesi wao, Ursula, alimpigia Lameck simu kwamba alama zake ziko juu, aende. Wakati huo alikuwa mzima, analima.

Mimi ndiye niliyemzuia. Sisi watu wa kiwandani tunaamini maziwa yanasafisha kifua. Nikamwambia, "Kaka, hilo ni vumbi la pamba tu. Kunywa maziwa mwezi mzima, damu isafike, ndipo uende. Wataona nini?" Alicheka, akanikubalia. Lita nzima asubuhi, lita nzima jioni. Akanenepa. Tukaona mashavu yale, tukasema, basi, ametakasika! Mwezi ukawa miezi. Tabitha alimsihi aende, nikamwambia wanawake wana haraka. Nesi Ursula alipopiga mara ya tatu, simu niliipokea mimi. Nikamjibu, "Mzee yupo safi."

Februari 2025 Lameck alikohoa damu. Picha ilipopigwa, saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini na mifupa. Daktari hakutugombeza. Alisema tu kwamba Mei ile pengine kungekuwa na cha kukata. Tulitoka pale, Lameck akanishika bega, akasema, "Usijiue kwa mawazo, Enoka. Miguu ya kwenda nilikuwa nayo mwenyewe." Alinisamehe. Mimi sijajisamehe, na sijui kama nitaweza.

Miezi ya mwisho ilikuwa mibaya, wala sitaipamba. Hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea kifua cha mkewe. Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 19 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Marehemu ameacha mjane, Tabitha, watoto wanne, Agness, Gabriel, Nathan na Lilian, wajukuu saba, na mdogo mmoja, mimi. Machi ile tulitolewa damu wote wawili, siku moja, benchi moja. Nami niliitwa. Nilimwambia nesi Ursula nitakuja, sikwenda, na mpaka leo sijakwenda. Mke wangu amekaa pale, ndiyo kwanza anasikia. Mama Prosper, nisamehe. Jumatatu nakwenda Mwanza, na Tabitha amesema atanisindikiza yeye mwenyewe, haniamini.

Kaka Lameck, Bwana akupe pumziko la amani.