Kamera ya Romani Imeingia Maji

Kijiwe chetu kipo Keko, mbele ya karakana yangu, kwenye benchi la mninga nililomtengenezea mteja wa Mbezi Luis akaingia mitini. Hapo tunakaa kuanzia saa tisa alasiri, Hamida akishaleta birika la kahawa na kashata zake. Wa kudumu ni mzee Fakihi, tarishi mstaafu wa mahakama ya mwanzo, ambaye tunamwita Jaji na yeye anaitika. Elibariki, muuza spea za friji, tunayemwita Mitambo. Na mie fundi wao. Na Romani. Huyu alikuwa na studio pale kona, Keko nzima ikapita mbele ya kamera yake, mpaka simu zilipokuja kumfungisha duka. Akahamia baharini. Siku hizi kila wikiendi anakwenda kisiwa cha Mbudya kuwapiga picha watu wakiogelea chini ya maji, kwa sababu, anasema mwenyewe, huko chini ndiko mahali pekee ambako mtu bado anamwita mpiga picha. Sasa Alhamisi hiyo kamera ilikuwa juu ya benchi katikati yetu, imo ndani ya kasha lake la kuzuia maji, na maji yamo humo humo pamoja nayo.

Mitambo: Yaani bado yanacheza! Hebu itikise tena.

Romani: Usiiguse. Waranti inaisha leo. Binti wa dukani Kariakoo anakaa Chang'ombe, kasema atapita hapa akitoka kazini aichukue. Wakikubali, napewa mpya. Wakikataa, ndo nimestaafu.

Mie: Acha hizo, Romani.

Romani: Niache nini? Kwa umri huu nipate wapi nyingine? Nitarudi nikae hapa nihesabu magari kama nyie.

Kulikuwa na tatizo moja, na alikuwa amelishika mkononi. Risiti. Zile risiti za mashine zinafifia, kila mtu anajua, ukiiweka miezi mitatu unabaki na karatasi nyeupe. Romani, ambaye kwa miaka thelathini alilaminisha vyeti vya Keko nzima, hakutaka yamkute hayo. Siku ileile aliyonunua kamera aliipitisha risiti kwenye mashine yake ya laminesheni. Karatasi ile haipatani na moto. Ilitoka nyeusi tii, imehifadhiwa vizuri, na haitachakaa milele.

Jaji: Ndiyo maana wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Mitambo: Jaji, hiyo inaingiaje hapa?

Jaji: Inaingia. Angeiacha wazi tu.

Mie: Kwani dukani hawana kumbukumbu?

Romani: Walihama, kompyuta yao ya zamani ikafa. Binti kasema wataangalia ushahidi mwingine. Kanipa na fomu. Inauliza maji yaliingiaje. Hapo nimepaacha wazi.

Mitambo: Ulikuwa umezama mita ngapi?

Romani: Tatu. Kasha limeandikwa mita arobaini. Na ule mpira wa kuziba niliufuta, nikaupaka mafuta yake, nikaukagua mara mbili.

Mitambo: Basi hayo siyo maji ya bahari. Hilo jasho. Kamera ilitoka kwenye baridi ikaingia kwenye joto. Friji zinafanyaga hivyo, kila siku naziona.

Romani: Jasho nusu kikombe?

Mitambo: Si ilifanya kazi siku nzima?

Jaji: Msimdanganye mtu. Andika hivi: pweza. Pweza ana mikono minane na akili ya mwanasheria. Mie kwetu Kilwa nimemwona pweza kanaswa kwenye dema, ule mtego wa samaki, anaufungua kwa ndani, anatoka, anafunga.

Mie: Anafunga?

Jaji: Ili mwenye dema asijue! Haba na haba hujaza kibaba.

Mitambo: Hapana, nyie bado mko mbali. Kuna kidude humo ndani. Kinahesabu siku. Ikikaribia waranti kuisha kinalegeza mpira chenyewe. Satelaiti inakipa taarifa.

Jaji: Kama ni hivyo kesi ni nyepesi. Bahari ni ya nani? Ya serikali. Maji yaliyoingia ni ya serikali. Kwa hiyo Romani kakutwa na mali ya serikali ndani ya kasha. Binti akija, Romani akae kimya kabisa, asije akafungwa!

Tulicheka mpaka Hamida akaweka birika chini. Romani hakucheka. Alikuwa anaifuta lenzi kwa pindo la shati, juu ya plastiki, kana kwamba ingesaidia. Nilimwonea huruma, nikamwambia Hamida amwongeze kikombe.

Jaji: Zamani haya hayakuwepo. Ukinunua redio, mwenye duka anakujua wewe, anamjua na shangazi yako. Ikiharibika unaibeba tu. Akikuona unakuja anasema, lete. Waranti ilikuwa sura yako.

Romani: Zamani na nyie mlikuwa mnaoga kabla ya kuja kupiga picha.

Hapo yakaanza. Jaji akakumbusha lile pazia la studio lililochorwa ndege na ngazi zake, ambapo yeye alisimama na koti la kuazima, mkono juu, anaaga. Picha ikaenda Kilwa. Mama yake alikaa miaka miwili anawaambia majirani kijana yuko Ulaya, na kijana yuko Keko anapeleka hati za mahakama kwa baiskeli. Mitambo akasema yeye alipigwa picha ya darasa la saba akalia, Romani akampa pipi na kumkata kibao kwa mkupuo mmoja. Mie nikatoa pochi. Ninatembea na picha ya harusi yangu, mie na marehemu Apolonia, amevaa glovu nyeupe, ameninunia kwa sababu nilichelewa. Sina picha nyingine yake akiwa kijana. Nilimwambia Romani asante, mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Akasema nilikuwa nimefunga tai vibaya.

Binti akafika saa kumi na moja na nusu, ana beji ya duka shingoni na viatu vya kazini mkononi.

– Shikamooni. Naitwa Yustina. Mzee Romani ndiye yupi?

– Marahaba, mwanangu. Ndo mie. Na mgonjwa huyu hapa.

Aliichukua kamera, akaigeuza, akasoma namba chini ya kasha. Akaipokea ile risiti nyeusi, akaielekeza kwenye jua, akamrudishia kwa adabu bila kucheka. Nikampenda kwa hilo.

– Mzee, maji siyo ishu. Mita arobaini ni arobaini, watakubali. Wanachotaka ni kujua kwamba ilikuwa yako na ilikuwa nzima. Una picha yoyote ukiwa nayo? Hata ya simu. Yenye tarehe tu, inatosha kabisa.

Kijiwe kililipuka.

Jaji: Binti! Unamuuliza Romani kama ana picha? Muulize samaki kama ana maji!

Mitambo: Mimi ninazo ishirini. Subiri.

Akampa simu. Watoto wake watatu wako chini ya maji, mashavu yamejaa, nywele zimesimama. Yustina akatabasamu.

– Nzuri sana. Lakini hizi zimepigwa na kamera. Nataka ambayo yumo yeye na kamera.

Mitambo akapekua tena, safari hii polepole. Mie nikapekua. Hamida akatoa simu yake kwenye kanga, kuna hitma, kuna maulidi, kuna sherehe ya kijiwe ya mwaka jana ambapo tumo wote, hata paka wa Hamida, kasoro aliyepiga. Jaji, ambaye hana simu ya picha, akatoa bahasha aliyokuwa anatembea nayo siku zote, na ndani yake alikuwemo yeye tu, kwenye ngazi za ndege.

Romani: Nyumbani zipo nyingi. Za watu.

Yustina alizitazama zetu moja moja. Pochi yangu aliishika muda mrefu.

– Na hizi zote kapiga yeye?

– Zote.

– Sasa yeye alikuwa anapigwa na nani?

Jaji akairudisha picha yake kwenye bahasha. Miaka thelathini na ushee, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia, leta nikushikie kamera, kaa wewe nikupige. Niliona aibu, na sikujua niiweke wapi.

Yustina akaitia kamera kwenye mfuko, akasema ataipeleka, atawaomba, ila hataki kutudanganya, bila picha ni vigumu. Hapo Mitambo akasimama ghafla, akarudi nyuma hatua mbili, akainua simu.

– Kwa waranti tumechelewa, najua. Lakini hivi hivi haiwezekani. Jaji sogea, Romani akae katikati. Flashi iko wapi humu? Haya, braza, tayari!

Romani akainuka, akaweka kola sawa, akatembea moja kwa moja mpaka nyuma ya Mitambo, akasimama hapo anachungulia kioo, kuangalia kama tunaonekana wote.