Winifred, Aliyekuwa Hasemeshwi (1884–1925)

Winifred Ada Garside, mdogo wangu, alizaliwa Penryn, Cornwall, tarehe 9 Machi 1884, mtoto wa pili wa marehemu Josiah Pellow, mchonga mawe, na mama yetu Tamsin, aliyeketi hapa mbele. Jumanne ya wiki hii, asubuhi, alikuwa hai, na ninayoyasoma bado siyaamini.

Alisoma shule ya wasichana Truro, kisha chuo hapa London kuanzia mwaka 1903. Likizo alirudi na maneno mapya. Alisema riwaya za zamani zimevaa kola ngumu mno. Maisha hayaji sura kwa sura, humjia mtu kichwani yote pamoja, na mwandishi ayafuate humo humo. Sisi tukamwomba atupitishie chumvi.

Aliandika riwaya tatu. Ya kwanza, ya mwaka 1913, ilimhusu mwanamke anayemenya viazi alasiri moja, kurasa mia mbili. Baba aliisoma yote, akavua miwani.

"Winnie, mwanangu, hadithi yenyewe inaanza lini?"

"Imekwisha, baba."

"Na viazi je, viliiva?"

Winifred alicheka mpaka machozi. Alisema kati ya wahakiki wake wote, baba peke yake ndiye aliyekisoma kitabu hadi mwisho.

Tarehe 2 Juni 1910 aliolewa na Lionel Garside, mwalimu wa hesabu, wakakaa Hammersmith. Lionel aliielewa kazi yake kuliko sisi. Winifred aliweza kukaa mezani muda mrefu, kalamu mkononi, macho dirishani, akisikiliza mawazo yanavyopita. Neno moja la kando lingeyatawanya. Ikawa ndiyo kanuni ya nyumba: akikaa hivyo, hasemeshwi. Binti yao Cicely alijua kuvua viatu ngazini kabla hajajua kusoma. Mimi niliona ni upuuzi, na nilisema.

Homa kali ya Novemba 1918 iliudhoofisha moyo wake. Yeye alitania kwamba sasa hata moyo unapiga kwa mtindo mpya, haufuati mpangilio.

Jumanne, tarehe 10 Februari, saa tisa alasiri, Lionel alimpelekea chai. Alikuwa kitini, macho dirishani. Akaiweka, akatoka kwa ncha za vidole vya miguu. Saa kumi akarudi, chai imepoa, haijaguswa. Akaiondoa taratibu asimkatize. Giza lilipoingia akaenda kumwashia taa, ndipo alipomgusa mkono.

"Dada Maud," aliniambia, "nilimwona macho wazi, nikafurahi. Nikasema leo kazi inakwenda."

Daktari hawezi kusema kama alifariki kabla ya chai au baada yake. Watu wananiambia ajali haina kinga. Nimesikia. Lakini maiti kuondolewa kikombe mbele yake, kwa heshima, na nyumba nzima inanyata! Tangu siku ile nimepigwa na butwaa.

Ameacha mume wake Lionel, binti yao Cicely, mama yetu, na mimi.

Kasisi alituandalia dakika ya kimya. Lionel amekataa. "Tumemnyamazia vya kutosha," amesema. Kwa hiyo jeneza likishuka, kila mmoja amwite jina lake kwa sauti. Lionel ataanza.

Winnie, pumzika kwa amani, mdogo wangu. Leo hatuvui viatu.