Mashimo Yaliyovimba

Sisi watu wa Mbinga tunalima kahawa, tunakunywa chai. Wanaokunywa kahawa yenyewe ni wale wa benchi la Katarina, muuza kahawa wa nyuma ya stendi. Asubuhi ile hata wao walisahau vikombe, maana Othmar, mwandika vibao vya maduka, alikuwa ameegemeza picha yake ukutani huku jasho likimtoka. Magoti ya mama yake, Bibi Hildegardi, yalikuwa yamegoma kupanda mlima. Leo anahamia kwa bintiye Mbamba Bay, na ameomba kitu kimoja tu: shamba lake la Litembo, awe analitazama ukutani. Gari lilikuwa linapakia.

— Maandazi umeyapanga vizuri, alisema Soko Huria, mnunuzi wa kahawa.

— Ni ngoro, kaka! Mashimo ya kulimia!

— Shimo gani limevimba?

Othmar alizoea rangi ya mafuta, ile inayokusubiri unywe chai urudi. Hii ya akriliki, iliyoingia na maduka mapya, ukipiga chafya imeshakauka. Milima ya mbali aliipaka nyeusi kama masufuria, ikaruka ikakaa mbele ya shamba. Akairudia kwa buluu na nyeupe nyingi, ikakubali kurudi nyuma. Ngoro ndizo zilizomshinda: kila akirudia, zinaumuka.

— Tia maziwa, alisema Injinia, fundi baiskeli. Rangi ina njaa hiyo.

— Maziwa ya nini? alisema Soko Huria. Pindua picha, mashimo yarudi ndani!

— Na mama aitazame amesimama kwa kichwa? aliuliza Othmar.

— Basi toboa kitambaa kabisa! Nani atabishana na tundu?

Bibi Hildegardi akatokea na fimbo yake. Wote wakainuka.

— Shikamoo, mama!

— Marahaba, wanangu.

Akaisogelea picha, akaitazama kwa muda.

— Othmar, hapa ni asubuhi au jioni?

Soko Huria akamtazama Injinia, Injinia akatazama kikombe. Othmar akaona: kila alipokosea alikuwa ameongeza jua jingine. Mwanga ulitoka kila upande, kivuli hakuna.

Honi ikalia.

— Unataka ipi, mama?

— Asubuhi. Jioni nilikuwa nashuka nimechoka, naona miguu yangu tu.

Othmar akachovya brashi kwenye kahawia iliyokolea, akatia kivuli ukingo mmoja tu wa kila shimo, ule wa upande jua linakotokea. Shimo likazama, na la pili, na mteremko mzima. Honi tena. Injinia akainama, akaanza kuipuliza picha kwa mashavu yote mawili.

— Acha, Injinia, alisema Othmar, akicheka na machozi yanamlenga. Imeshakauka. Mpe mama.