Sindano Zilizopasuka Kichwa

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, nalo limeegemea ukuta wa duka langu la vifungo, zipu na uzi. Ndiyo maana wananiita Vifungo. Wanaolikalia ni wale wale. Kuna Gundi, fundi viatu, kibanda chake kimepakana na mlango wangu, naye hajawahi kukutana na kitu kibovu akakiacha kilivyo. Kuna Redio, mlinzi wa usiku, ambaye mchana anapaswa kulala, lakini atalala vipi na maneno yote yale kifuani? Yeye ndiye huja na chupa ya kahawa. Na kuna Breki, dereva mstaafu wa malori makubwa, mzee wa maneno machache, mikono inamtetemeka siku hizi. Asubuhi hiyo Breki alichelewa, na alipotokea alikuwa amekumbatia foronya iliyofura, anatembea kama mtu aliyebeba mayai.

Redio: Mzee, unahama na kitanda?

Breki: Vifungo, nipe sindano. Ile rahisi kutunga uzi. Rahisi kuliko zote ulizonazo.

Mimi: Ya kazi gani?

Breki akafungua foronya, akatoa blanketi la viraka, akalitandaza juu ya benchi na juu ya magoti yetu. Tulilijua. Marehemu mkewe alilishona kwa mkono kibarazani kwake, sisi tukipita tunamtania, tukampa jina la Mama Matambara, na yeye anacheka tu. Ila tulikuwa hatujawahi kuliona limekunjuliwa lote. Redio akasogeza chupa ya kahawa mbali, isije ikalimwagikia.

Gundi: Hii mishono kaishona mtu? Mtu mwenye vidole?

Breki: Kaishona mwenzangu. Mimi niko safarini, yeye anashona. Nikirudi nakuta viraka vimeongezeka.

Gundi: Mimi nashona ngozi tangu ujana wangu, sijawahi kunyoosha mstari namna hii. Na nilikuwa namcheka! Mungu anisamehe.

Breki: Geuzeni.

Tukaligeuza. Upande wa nyuma ulijaa mikia ya uzi, mifupi mifupi, imesimama huku na huku kama ndevu za mgonjwa. Breki akatueleza. Mkewe alikuwa na mtindo wake: uzi ukiisha anapiga fundo, anaacha mkia, anaendelea mbele. Mikia yote aliiweka kiporo, aje aifiche ndani ya pamba ya katikati kwa mpigo, kazi ya kushona ikishakwisha. Kushona alimaliza. Kuficha hakuwahi. Na sasa binti yao wa pekee alikuwa anahamia mbali, yeye pamoja na mumewe, angepita hapo kabla ya mchana kulichukua, gari likimsubiri.

Breki: Nataka nimkabidhi kitu kilichokwisha. Asiende huko ugenini na kazi ya mama yake nusu nusu.

Redio: Si ukate hiyo mikia tu? Mkasi huo hapo.

Gundi: Ukate! Ukikata karibu na fundo, fundo linalegea, mshono wote unakuachia. Kalale, Redio.

Nikaingia dukani nikatoka na kopo la sindano za mkono. Nikaanza na ya tundu refu, ile ya kushonea masweta. Uzi ulipita bila shida, lakini nilipoichomeka pembeni mwa kiraka ikaacha shimo ambalo hata Redio, na usingizi wake, aliliona. Nikajaribu nyembamba kabisa. Hiyo haikuacha alama, ila Breki aliizungusha mbele ya macho akaniuliza tundu liko upande gani. Chini ya kopo nikakuta pakiti niliyoletewa zamani na sikuwahi kuuza hata moja. Zilikuwa nyembamba, ncha kali, na kichwani kabisa, juu ya tundu, zina mwanya.

Gundi akainyakua moja akaitazama kwenye mwanga.

Gundi: Uliuziwa mbovu hizi. Zimepasuka vichwa.

Mimi: Zote?

Gundi: Kiwanda kizima! Ukitia uzi utatoka kwa juu. Leta nizibane.

Sijafungua mdomo, ameshachukua koleo. Ya kwanza ikakatika kichwa. Ya pili ikazibika, akaibusu, akaiweka kando kwa heshima. Ya tatu ikakatika.

Redio: Acha kubana, unaua! Huo ni mwanya wa kupumulia. Blanketi lina pamba katikati, pamba ina joto. Sindano ikizama humo lazima ihemee mahali.

Gundi: Sindano inahema?

Redio: Wewe ukifunikwa gubigubi si unatoa pua nje?

Gundi: Mimi nina pua!

Redio: Basi kama si pumzi, ni antena. Tazama hivyo vipembe viwili hapo juu. Uzi unauita tu, unakuja wenyewe. Watu wametengeneza simu, watashindwa sindano?

Mimi: Haya, uite.

Redio akainama, akaunong'oneza uzi. Uzi haukuja.

Gundi: Mimi nimeshaelewa. Hizi ni za watu wasiojiamini. Unashona, ukiona umekosea unachomoa uzi kwa juu, unakimbia, hakuna ushahidi.

Wakati wao wanabishana, Breki alikuwa ameichomeka moja kwenye kizibo cha chupa ya kahawa ili isicheze. Ameukamata uzi kwa mikono miwili, ameuvuta ukakaza, anatafuta tundu, na mikono inatetemeka. Uzi ukaangukia juu ya kichwa cha sindano. Mkono ukatikisika. Tukasikia tik.

Breki: Umeingia.

Gundi: Umeingia wapi?

Breki: Tunduni. Tazama.

Mimi: Umeupitisha vipi?

Breki: Sijapitisha. Nimeulaza juu, nikaukandamiza. Mwanya umeumeza.

Tukamrundikia vichwa. Akautoa, akaulaza tena juu, akaubonyeza kidogo, tik. Mtu ambaye asubuhi hiyo alishindwa kufunga kifungo cha shati lake! Pakiti ile ilikuwa dukani kwangu muda wote, na mimi mwenyewe sikujua ule mwanya ni wa nini.

Gundi akaiangalia ile aliyoibana na kuibusu. Akaificha mfukoni taratibu.

Gundi: Kwa hiyo huo ufa ni mlango.

Redio: Nilisema mimi.

Gundi: Ulisema pua!

Furaha haikudumu. Breki aliukamata mkia wa kwanza wa blanketi, akautia kwenye mwanya, na hapo akakwama. Mkia ulikuwa mfupi kama ukucha. Sindano ilikuwa ndefu kuliko uzi wenyewe, haina nafasi hata ya kugeuka iingize ncha kwenye kitambaa.

Redio: Uvute uongezeke.

Gundi: Uvute utoke na fundo? Tuunge uzi mwingine.

Mimi: Ukiunga unapata fundo lingine juu ya fundo. Litavimba.

Redio: Basi tumwambie binti ni urembo. Tuseme ndiyo mtindo wa sasa, blanketi la manyoya.

Breki aliangalia barabarani, kisha akarudisha macho kwenye ule mkia. Akakaa hivyo, amekunja uso, kama yuko kwenye kona mbaya na mzigo mzito nyuma.

Breki: Tela huwa halisogei.

Gundi: Tela gani tena, mzee?

Breki: Lori na tela lake. Tela limesimama pale, halina injini. Huliambii lije. Kichwa ndicho kinarudi nyuma polepole mpaka kilifikie, ndipo unafunga. Sasa mimi hapa navuta tela lifuate kichwa.

Akautoa mkia kwenye mwanya. Akaichomeka sindano tupu, haina uzi wowote, pale pale fundo lilipotokea, akaipenyeza ndani ya pamba mpaka kikabaki kichwa tu nje, kimegusana na ule mkia. Akaulaza mkia juu yake. Tik. Akaisukuma sindano, ikatokezea mbele kidogo, na mkia ukazama mzima mzima. Akapitisha kiganja juu. Hakukuwa na kitu.

Redio: Uko wapi?

Breki: Umeingia ndani.

Redio: Yaani sindano inatangulia, uzi unapandia njiani?

Gundi: Nyamaza kwanza. Rudia, mzee. Rudia, tafadhali.

Akarudia. Gundi alivua kofia, sijui kwa nini, na mimi nikajikuta nimesimama. Kitu kidogo hivyo, kinaingia katikati ya tabaka za kitambaa bila kutoboa upande wa pili, kinabeba uzi usioshikika! Nikagawa sindano zilizosalimika. Redio akapewa pembe yake, akaiinamia. Gundi, na yale madole yake meusi kwa rangi ya viatu, aliyafuta mara mbili kwanza. Na kadiri mikia ilivyopotea ndivyo tulivyozidi kuiona kazi ya yule mama kwa karibu, fundo kwa fundo, yote yanalingana, hata yale ya chini kabisa ambako nani angetazama? Tulipita mbele ya jambo hili kila siku tukiliita matambara. Niliona haya, na nilishangaa, vyote kwa pamoja.

Binti alifika tukiwa tumebakiza mkia mmoja, kwenye kona ya pindo. Huo ulikuwa mrefu kuliko mingine.

Binti: Shikamooni.

Sote: Marahaba, mama.

Breki: Njoo uone. Tunamalizia. Huu ndio wa mwisho.

Sindano ilikuwa tayari imezama, na mkia umeshaingia kwenye mwanya. Binti akachuchumaa mbele ya baba yake. Akapapasa blanketi kwa viganja vyote viwili, taratibu, kama anatafuta mahali.

Binti: Mmeificha yote?

Gundi: Yote, mwanetu. Hutauona hata mmoja.

Binti: Na hili fundo la hapa kwenye kona?

Breki: Hilo ndilo alilopiga jioni ile. Akasema kesho ataanza kuficha mikia. Akaenda kulala, hakuamka.

Binti akaugusa ule uzi kwa ncha ya kidole.

Binti: Sasa baba, mkiuficha na huu, nitapajuaje alipoachia?

Gundi akarudisha sindano yake kwenye kopo. Barabarani gari lilipiga honi.

Breki akaushika mkia, akauvuta kwa juu. Mwanya ukauachia bila ubishi. Akaichomoa sindano tupu akanipa, kisha akalikunja blanketi mwenyewe, ile kona akaiweka juu, uzi ukining'inia, akampa mwanawe.