Ndimi za Moto Zisizoonekana

Kwenye basi la Barabara ya Whittier, mashariki ya Los Angeles, mzee Eusebio alishika vijiko viwili vya plastiki, vyote vyeusi. Mafundi wa magari wa kwetu hujaribu rangi kwenye vijiko, kwa hiyo nilijua kuna gari linapakwa rangi.

"Mama, kimoja kina ndimi za moto. Kipi?" alimuuliza jirani yake wa kiti, mama mwenye mfuko wa mikate mitamu, ambaye hakumjua.

"Hakuna. Umeibiwa."

"Ndiyo uzuri wake!" Mzee alicheka kama aliyesifiwa. "Gari ni Chevroleti ya mwaka hamsini na moja, ya marehemu baba mkwe. Mke wangu kaapa, nikilichora moto nihamie humo humo garini. Basi fundi kauchora kwa rangi nyeusi ile ile, kachanganya unga wa lulu wa kung'aa kidogo tu. Kamaliza jana, nalifuata sasa hivi."

"Moto usioonekana wa nini, mzee mzima?"

"Mimi nitajua upo."

Sijasikia ndoa ikielezwa vizuri zaidi.

"Na rangi ulichagulia wapi?"

"Ndani ya gereji, kwa mwanga wa taa."

Basi likatoka chini ya daraja, jua likaingia dirishani. Kijiko cha kushoto kikawaka ndimi za zambarau kutoka mpini hadi kichwani. Abiria wa nyuma akapiga mluzi.

Mama akakitazama, akamtazama mzee. "Jumapili mnakwenda na mkeo misa ya saa ngapi?"

Mzee akakizamisha kijiko mfukoni. "Ya saa sita mchana."

"Mh. Na kiti cha nyuma cha hilo gari kinakutosha kulala?"

Basi likasimama mbele ya gereji.