Maximilian Lyamba na Asali ya Kwanza

Ndugu waombolezaji, mimi ni Gaudensia, mdogo wake marehemu. Nitasoma polepole. Nikilia mnivumilie, nitaendelea.

Maximilian Gervas Lyamba alizaliwa Ugalla tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa mzee Gervas, mrina asali, na mama Josephina. Alisoma shule ya msingi hapa Mpanda, sekondari Tabora, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, akahitimu shahada ya biashara mwaka 1974. Likizo ya mwaka ule alikwenda kurina na baba akiwa amejipaka marashi ya mjini. Weee! Nyuki walimkimbiza msomi wetu mpaka mtoni, viatu akaviacha porini.

Tarehe 4 Novemba 1978 alifunga ndoa na wifi yangu Pelagia. Walijaliwa watoto wawili, Immaculata na Felisiani.

Alifundisha biashara chuoni tangu 1980. Mwaka 1992, kila mtu akiimba soko huria, yeye alianzisha somo la biashara inayojali jamii. Kwetu asali ya kwanza ya mzinga mpya haiuzwi, wanakula majirani. Basi kila mwanafunzi aliyeleta mpango wa biashara aliulizwa, "Asali ya kwanza anakula nani?" Asiye na jibu alirudishwa, hata kama faida yake inang'aa. Wakubwa walimcheka: "Lyamba, hapa ni chuo, siyo kanisa." Naye: "Kwani wateja wenu wanaishi mwezini?" Wakataka somo lifutwe. Hilo lilimnyima usingizi kuliko ugonjwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka jana, akarudi nyumbani Kawajense. Kila aliyetoka Dar alimuuliza, "Wamelifuta?" Wiki iliyopita Specioza, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni mhadhiri, alishuka kwenye treni na wanafunzi wake, akaja moja kwa moja kitandani. "Mwalimu, somo limebaki. Nalifundisha mimi." Kaka alicheka, akaomba uji, akaumaliza. Na sisi tulishakata tamaa na ule uji! Alifariki Jumapili, tarehe 9 Agosti 1998, hospitalini. Inauma, jamani.

Ameacha mjane, watoto wawili, mimi mdogo wake, na wanafunzi hawa waliochimba kaburi lake asubuhi.

Kabla hajaugua alitundika mzinga mpya Ugalla, hakuwahi kuurina. Juzi Specioza na vijana wake wameurina. Ndoo zile pale mlangoni. Msiulize bei. Tukitoka makaburini, kila mmoja aonje.

Kaka Max, uliuliza anakula nani. Tunakula sisi, majirani zako. Lala salama mikononi mwa Bwana.